Kijiti cha kauri: kivunjwe baridi au ndani ya tanuri?

Dhahabu huyeyuka kwenye nyuzi 1,064 Selsiasi, na myeyushaji wa Nzega hajali chungu chake cha kauri kina nguvu kiasi gani kikiwa baridi mezani. Ndiyo maana wapo wanaodai kwamba kuvunja kijiti cha kauri kwenye joto la chumba ili kupima nguvu yake ni kupoteza muda. Hoja ipo, lakini wanaidharau kazi ambayo wengi hawajaifanya sawasawa.

Kijiti cha alumina, kauri ya oksidi ya alumini, chenye upana wa milimita 4, unene wa 3 na urefu wa 45 hulazwa juu ya rola mbili zilizoachana milimita 40. Rola mbili nyingine, zilizoachana milimita 20, hukikandamiza kutoka juu. Kikivunjika kwa mkazo, yaani nguvu kwa eneo, wa megapaskali 300, nguvu iliyotumika ni nyutoni 360, sawa na uzito wa kilo 37 hivi. Haufikii mfuko wa saruji. Wengi huweka rola moja tu juu, maana kifaa hicho ni rahisi kukitengeneza hata kwenye karakana ya Tabora mjini. Ila mkazo wa juu kabisa hubaki chini ya rola hiyo peke yake, wakati kasoro mbaya ya kijiti huenda iko kwingine. Moduli ya Weibull, nambari inayoonyesha nguvu za vijiti zinatofautiana kiasi gani (ikiwa kubwa, hutofautiana kidogo), ikiwa 10 na kasoro zikiwa zimetapakaa ndani, jibu huzidi la rola mbili kwa takriban asilimia 20. Mwuzaji hulipenda jibu hilo.

Makosa mengine ni ya mikono. Kijiti kikisagwa kwa kukatiza badala ya kufuata urefu, mikwaruzo hugeuka nyufa. Kingo zisipopunguzwa kama milimita 0.12, ufa huanzia hapo, na kilichopimwa ni kazi ya msagaji, si kauri. Rola zisizozunguka huleta msuguano unaopandisha nambari. Unyevu nao husaidia ufa wa alumina kukua polepole, kwa hiyo kipimo cha masika na cha kiangazi kisilinganishwe bila kuandika hali ya hewa. Na vijiti vitano havitoshi: ukitaka moduli ya kuaminika, andaa 30.

Upande wa tanuri una jambo ambalo baridi haiwezi kulionyesha. Kauri nyingi zina kioo chembamba kati ya chembe zake. Kikilainika, kwa nyingine kuanzia nyuzi 1,000 hivi, nguvu hushuka. Lakini rola za chuma hazifai humo, za silikoni kabaidi, kauri ngumu inayostahimili joto, ni ghali, na kwenye hewa hujivika silika, tabaka la kioo linaloweza kuzigandisha na kijiti. Mzigo ukienda polepole, kijiti hupinda bila kurudi kabla ya kukatika, na kanuni ya kawaida ya kukokotoa mkazo hutoa mkazo mkubwa kuliko uliopo. Hapo tanuri hudanganya zaidi ya meza.

Kwa karakana ya Nzega au Tabora ningeanza na vijiti 30 vya baridi, rola mbili juu. Kisha mafungu madogo yapashwe nyuzi 150, 200, 250 na 300 juu ya joto la maji, yatumbukizwe majini, yakaushwe na kuvunjwa. Alumina kwa kawaida hupoteza nguvu ghafla kwenye tofauti ya nyuzi 200 hivi. Kipimo hicho hakihitaji rola za silikoni kabaidi, na kinamhusu mtu anayetoa chungu motoni na kukiweka kwenye sakafu yenye maji. Vijiti vya tanuri vitumwe vichache kwenye maabara yenye vifaa, baada ya hapo.