Mkono unatoka kabla ubongo haujajua

Makala yenu ya watoto kuhusu ubongo na maumivu ni nzuri, ila hapo mliposema kila kitu mwilini lazima ubongo uamue kwanza sikubaliani, watoto wataimeza hivyo hivyo. Mtoto wa huku kwetu Ujiji akigusa sufuria ya moto ya samaki migebuka mkono unaruka wenyewe, sababu taarifa ikifika tu kwenye uti wa mgongo amri inarudi hapo hapo kwenye misuli, ubongo unakuja kuambiwa baadae kidogo, ndo mana mkono unatoka kwanza alafu ndo unasikia "yalaa!"

Kingine mngewaambia maumivu yanakuja mara mbili. La kwanza kali la kuchoma, la pili linafuata nyuma, linauma taratibu na halitoki haraka. Mishipa ya fahamu haifanani, yenye ganda la mafuta inakimbiza taarifa, isiyo na ganda inajivuta kama mita 1 kwa sekunde, yani ni bodaboda na mtembea kwa miguu wametoka stendi pamoja. Wajaribu kujikwaa kidole waone (hapana msiwaambie, wanajikwaa vya kutosha 😂).

Na mmesahau kabisa kwamba ubongo wenyewe hausikii maumivu, madaktari wanaweza kuufanyia upasuaji mgonjwa yuko macho wanapiga nae stori. Wangu wa darasa la nne kauliza sasa kichwa kikiuma kinauma nini, nikamwambia ni utando unaoufunika, mishipa ya damu na misuli ya huko juu. Mhariri rekebisha basi ile sentensi ya ubongo kuamua kila kitu.