Bia ya rai ya Bavaria ipikwe kwa rai ya kutosha

Mtu akiniambia amepika Roggenbier, yaani bia ya nafaka ya rai ya jimbo la Bavaria, kusini mwa Ujerumani, nyumbani kwake, namuuliza kwanza ameweka rai kiasi gani. Mara nyingi jibu ni asilimia 10 au 15, na jasiri wao atasema 20. Inaweza kuwa bia tamu sana, na nitainywa kwa furaha, lakini siyo Roggenbier. Bia ya rai ya Bavaria inataka angalau nusu ya kimea chake kiwe cha rai, na wapo wanaofika asilimia 60. Chini ya hapo umepika bia ya shayiri ukaionjesha rai. Nashikilia jambo hili kwa sababu viwanda vinavyoipika bia hii ni vichache mno. Imebaki mikononi mwetu sisi tunaopika jikoni na gereji, na tukianza sisi kuipunguza, sioni nani mwingine ataitunza.

Kwa ambaye hajaizoea, rai ni nafaka ya nchi za baridi, jamaa ya ngano, inayovumilia udongo duni na majira makali kuliko ngano yenyewe. Ndiyo inayotoa ule mkate mweusi mzito wa Wajerumani. Na mkate ndio uliochangia kuiondoa rai kwenye pipa la bia.

Tarehe 23 Aprili 1516, mjini Ingolstadt, ndugu wawili waliotawala Bavaria, Wilhelm IV na Ludwig X, walitangaza kwamba bia ipikwe kwa shayiri, hopsi (maua yanayoipa bia uchungu) na maji tu. Sehemu kubwa ya tangazo hilo ilihusu bei ya bia majira ya baridi na majira ya joto. Hamira haikutajwa kabisa. Wanahistoria wengi wanaona kuwa mojawapo ya sababu ilikuwa kuwaachia waoka mikate ngano na rai. Ukiisoma habari hiyo haraka utadhani nafaka hizo mbili zilipatwa na jambo moja. Sivyo. Mwaka 1548 ukoo wa kikabaila wa Degenberg ulipewa haki ya kupika bia ya ngano, na ukoo huo ulipokosa mrithi mwaka 1602 haki ikarudi kwa mtawala Maximilian I, ambaye alijenga juu yake biashara iliyojaza hazina yake. Mwaka 1872 Georg Schneider akaipata haki hiyo kutoka kwa ufalme, na leo huwezi kukaa kwenye bustani ya bia mjini Munich usione glasi ndefu ya bia ya ngano. Ngano ilikuwa na wenyewe. Rai haikuwa na mtu wa kuisemea, ikabaki kwenye tanuri la mkate mpaka mwaka 1988, pale kiwanda cha Schierling, mji mdogo kusini mwa Regensburg, kilipoitoa tena bia ya rai sokoni.

Kwa hiyo sikubaliani na BJCP, chama cha Marekani kinachoandaa waamuzi wa mashindano ya bia, kuiweka Roggenbier kwenye kundi la bia za kihistoria katika mwongozo wake wa 2015. Katika mwongozo wa 2008 ilikaa pamoja na bia za ngano za Ujerumani, na pale ndipo nyumbani kwake. Naelewa kwamba bia inayouzwa madukani ni chache. Lakini kimea cha rai kinauzwa, hamira inauzwa, na sheria ya Ujerumani inaruhusu rai katika bia zinazochachushwa kwa hamira inayopanda juu ya pipa, kama ile ya bia ya ngano. Sheria ya kodi ya bia ya hukohuko nayo inamwachia mpishi wa nyumbani lita 500 kwa mwaka bila kodi, mradi asiuze. Kabla ya 2024 kikomo kilikuwa lita 200. Bia ambayo mtu anaweza kuipika Jumamosi hii mimi siwezi kuiita ya kihistoria.

Sasa tuje kwenye kinachowatisha watu, kwa sababu hofu yao ina msingi. Punje ya rai haina ganda. Shayiri huja na ganda lake, na ganda hilo ndilo linalotengeneza chujio pale chini ya pipa unapotaka kutenganisha maji matamu na machicha. Rai inakuja uchi, na juu ya hilo imejaa vitu vinavyonata. Wengi hulaumu beta-glukani, aina ya nyuzinyuzi za nafaka, peke yake, wakapumzisha mchanganyiko wa kimea na maji kwenye nyuzi 40 hivi wakidhani wamemaliza kazi. Beta-glukani ipo, na mapumziko hayo husaidia, lakini unataji mkubwa wa rai unatokana na nyuzinyuzi nyingine ziitwazo pentosani, hasa arabinozailani, ambazo vimeng'enya vya kimea havizimalizi. Ukichota kwa mwiko utaona maji yanavutika kama mlenda. Hapo ndipo watu hukata tamaa na kuapa kwamba safari ijayo wataweka asilimia 10.

Usikate tamaa, jiandae. Kwa lita 20 mimi huchukua kilo 2.6 za kimea cha rai, kilo 1.3 za kimea cha Munich, kilo 1 ya kimea cha pilsner, na gramu kama 60 za kimea cheusi kilichoondolewa uchungu ili kupata rangi ya shaba iliyoiva. Kinu ukibane kidogo zaidi unaposaga rai, kwani punje zake ni nyembamba na ngumu kuliko za shayiri. Zikipita nzima umepoteza sukari yako. Kisha tafuta maganda ya mpunga, gramu 250, yaoshe mpaka maji yatoke safi, na uyachanganye na kimea. Hayatoi ladha yoyote. Kazi yake ni kushika nafasi ya maganda ambayo rai haina.

Anza kuloweka kimea kwenye nyuzi 45 za selsiasi kwa dakika 20, panda hadi 66 kwa saa nzima, halafu malizia kwenye 76 au 77. Ile hatua ya mwisho wengi huiruka kwa kuona ni mapambo. Kwa rai ni ya lazima, maana unataji hupungua joto linapopanda, na mchanganyiko ukipoa tu umekwama. Maji ya kusuuzia machicha nayo yawe ya moto hivyohivyo. Fungua koki kidogo sana, uache yatiririke polepole. Ukiifungua yote kwa haraka, machicha yatajikandamiza chini na hutapata kitu. Tenga saa mbili kwa kuchuja peke yake. Kama una mfuko wa kitambaa badala ya pipa lenye chujio, kazi ni nyepesi zaidi: unauinua, unauning'iniza, unaukamua.

Zile nyuzi 45 za mwanzo zina faida nyingine, na hii ndiyo inayonipendeza kuliko zote. Katika joto hilo kimea huachia asidi ya feruliki, na hamira ya bia ya ngano ya Bavaria huigeuza kuwa kitu chenye harufu ya karafuu. Msomaji wa Unguja au Pemba ataitambua mara moja, ingawa hakuna karafuu hata moja iliyoingia kwenye sufuria. Kikemia kitu hicho ni jamaa wa karibu wa ile eujenoli iliyomo kwenye karafuu yenyewe. Hamira hiyohiyo hutoa harufu ya ndizi mbivu. Chachusha kwenye nyuzi 17 au 18 upate karafuu zaidi. Ukiliacha joto lipande hadi 22, ndizi itatawala na rai itafunikwa.

Hopsi ziwe kidogo. Gramu 25 za Hallertauer Mittelfrüh mwanzoni mwa kuchemsha zinatosha, na mwishoni usiongeze kitu. Najua zile bia za rai za Marekani zenye hopsi nyingi zina wapenzi wake, lakini uchungu na harufu ya maua na machungwa huisukuma nafaka pembeni, wakati nafaka ndiyo tuliyoifuata. Wala usitie kisibiti. Watu wamezoea mkate wa rai uliotiwa kisibiti, wakaamini kwamba ile ni ladha ya rai. Rai yenyewe ina ladha ya ganda la mkate lililoiva vizuri, na udongo kidogo, na ukavu unaobaki ulimini ukiita funda jingine.

Na ule unataji uliokusumbua kwenye chujio hauishi wote. Unaingia kwenye glasi. Bia yenye kilevi cha asilimia 5 tu inakaa mdomoni kwa uzito ambao bia ya shayiri ya nguvu hiyo haiufikii, povu lake ni nene na halina haraka ya kuondoka, na wakati huohuo bia inashuka kooni bila kuchosha. Asilimia 15 ya rai haiwezi kukupa hayo. Mpishi aliyeipunguza rai ili achuje kwa urahisi ameukwepa uzito uleule ambao mnywaji angeufurahia.

Inywe ingali changa, ndani ya miezi miwili hivi, maana karafuu na ndizi hazidumu. Kama lita 20 zinakutia hofu mara ya kwanza, pika 10, lakini rai iwe nusu ile ile. Na ikiwa kuna mashindano karibu nawe, ipeleke, hata kama itabidi ikae kwenye meza ya bia za kihistoria. Waamuzi wakiletewa Roggenbier za kutosha, watakuwa na sababu ya kuirudisha kando ya bia za ngano.