Kituo cha Nne: Mama au Petro?

Katika vituo 14 vya Njia ya Msalaba tuliyoizoea (ibada ya Kikatoliki ya kutafakari Mateso ya Yesu kituo hadi kituo), vitano havimo katika Injili: Yesu kuanguka mara tatu (cha 3, 7 na 9), kukutana na Mama yake (4), na Veronika kumpangusa uso (6). Ijumaa Kuu ya mwaka 1991, kwenye Colosseum mjini Roma, Papa Yohane Paulo II alitumia orodha nyingine inayofuata Maandiko tupu. Inaanzia Gethsemane na kuishia kaburini, navyo ni vituo 14 vilevile. Wapo wanaoona hiyo ndiyo ingeshika nafasi ya ile ya zamani.

Hoja yao ina uzito. Kwa Veronika hakuna aya ya kurejea, kwa hiyo tafakari inabaki mikononi mwa aliyeandika kitabu, na mara nyingi huishia kuwatoa watu machozi tu. Isitoshe, orodha ya zamani haina kituo cha Petro anayemkana Bwana wala cha mhalifu aliyetubu pale msalabani (Luka 23:39-43). Mtu anayeogopa kwenda kuungama angejiona haraka zaidi kwa hao wawili.

Lakini hebu tuhesabu hatua. Katika orodha ya zamani Yesu anapokea msalaba kituo cha 2, na hadi cha 9 bado yuko barabarani: vituo vinane. Katika ile ya 1991 anaupokea kituo cha 7, Simoni wa Kirene anasaidia cha 8, wanawake wa Yerusalemu cha 9, na cha 10 tayari anasulubiwa. Barabara imebaki vituo vitatu. Hapo tunapata simulizi nzuri ya Mateso, ila njia yenyewe imekuwa fupi mno kwa ibada iliyozaliwa na nyayo za mahujaji wa Yerusalemu, ambayo Papa Klementi XII aliiwekea idadi ya vituo 14 mwaka 1731. Na ukishapiga goti kila penye sala ya kufungua kituo, "Ee Yesu, tunakuabudu, tunakushukuru", ukifika anguko la tatu magoti yenyewe yanatafakari.

Tatizo kubwa hutokea orodha mbili zinapogongana. Kiongozi anashika kitabu kipya, ukutani kuna picha za zamani: anatangaza "Petro anamkana Yesu" huku waamini wakimtazama Mama akikutana na Mwanawe. Ukizilinganisha, ni kituo cha 14 peke yake kinachooana. Kwa maoni yetu, orodha ya 1991 itumike penye misalaba mitupu, au nje. Penye picha, mwongozo wa Vatikani wa mwaka 2001 kuhusu ibada za watu unatosha: vituo vya zamani vibaki kuwa kielelezo, ila mara mojamoja kimoja kinaweza kupisha tukio jingine la Injili.

Rehema kamili (Kanisa kumfutia mtu adhabu zote za dhambi zilizokwisha kusamehewa) haiamui ugomvi huu. Kinachotakiwa ni vituo vilivyosimikwa kihalali, misalaba 14 (picha ni desturi tu), kutafakari Mateso na kifo cha Bwana, na mwendo kutoka kituo hadi kituo, pamoja na masharti ya kawaida: kitubio, komunyo, kusali kwa nia za Baba Mtakatifu, na kutoshikamana na dhambi yoyote. Kanuni haidai tafakari maalumu kwa kila kituo. Panapoharibika ni kwenye mwendo: kiongozi anasoma vyote 14 akiwa mimbarini, watu wamekaa, hakuna aliyesogea. Umati ukiwa mkubwa, inatosha kiongozi atembee na wengine wabaki mahali pao.

Kwa mgonjwa asiyeweza kutoka kitandani mizani inageuka. Yeye anaruhusiwa muda fulani, kwa mfano walau robo saa, ya kusoma na kutafakari Mateso badala ya kutembea, na hapo orodha ya 1991 inamfaa kuliko ya zamani, maana kila kituo anakikuta katika Biblia yake.