Sikuwa Nimelewa, Nilikuwa Natibu Mtufaha

Kwa kuwa aliyenisimamia harusi ameshatangaza kwenye magrupu yote kwamba nilivua suruali mbele ya mama mkwe nikiwa chakari, ngojeni mpate na yangu. Kuvua, nilivua. Kulewa, hapana.

Mnajua nimeoa Molo, na mama ana mitufaha yake ya aina ya Anna nyuma ya nyumba. Mmoja ulikuwa na vidonda: gome limedidimia, limepasuka pete ndani ya pete, majani ya juu yamekauka. Hiyo ni kuvu. Huingia penye jeraha, msumeno ulipopita au jani lilipodondoka, na mvua huisambaza. Ikishazunguka tawi, tawi kwisheni. Unakata mpaka ufike penye mti safi usio na doa la kahawia, unachoma kila kipande, na kabla ya kuhamia tawi jingine unapangusa msumeno kwa spiriti.

Hiyo spiriti ndiyo iliyonimaliza. Niliitia kwenye chupa ya soda, nikaisokomeza mfuko wa nyuma. (Wewe unayecheka, juu ya ngazi ungeiweka wapi?)

Tawi likakatika. Lile nililoegemezea ngazi, kwa kutuliwa mzigo, likaruka juu. Ngazi ikaanza kuondoka kushoto bila haraka, nikapata nafasi ya kuona kila kitu: moto wa vipande vya kwanza ukiwaka chini, msimamizi wangu akitoa simu badala ya kushika ngazi, geti likifunguka. Nikatua kwa makalio. Chupa ikasema pwaa! Kwanza nikasikia baridi. Halafu, kwa vile matawi yalikuwa yamenikwaruza njiani, spiriti ikaingia kwenye michubuko. Jamani. Nikaruka. Nikaruka upande wa moto.

"Wewe! Utawaka!"

Mkono ulifika kwenye mshipi kabla ya akili. Suruali ilipofika magotini ndipo nikainua macho. Mama mkwe. Nyuma yake wamama wa kanisa, sare safi, wawili wamebeba sufuria ya githeri. Kwetu Kakamega mama mkwe hata mkono humpi, na mimi hapo nina boksa yenye michoro ya ndizi, nanuka kama pipa la chang'aa.

"Baba Ciku," akasema, kwa upole unaouma kuliko matusi, "saa nne asubuhi?"

"Mama, ni kuvu."

Mama mmoja akafumba macho, akaanza kukemea.

Basi nikapewa leso, nikaombewa, nikapanda matatu ya Nakuru. Mke wangu alicheka hadi akapaliwa. Pasta amepiga simu leo kuuliza kama niko tayari kuachana na chupa. Mama naye amepiga: mti wa pili una vidonda vilevile, nirudi kabla mvua haijaanza. Spiriti atanunua yeye, na ataishika yeye.