Msinihubirie laana ya Somerset

Kila mwaka Machi ikielekea ukingoni, na msimu wa kriketi ya kaunti za Uingereza ukikaribia, lile neno hurudi. Laana. Safari hii limetoka kwa jamaa mmoja kwenye kundi letu la WhatsApp, mshabiki wa Surrey (nani mwingine? Ukibeba ubingwa 2022, 2023 na 2024 mfululizo unapata muda wa kutosha wa kuwachambua wenzako). Katupia utabiri wake wa msimu wa 2026: Somerset, timu yangu, nafasi ya tatu, "kama kawaida, walilogwa hao." Na vikatuni vya kucheka juu yake.

Pale kundini nilinyamaza. Jibu langu ni hili.

Rekodi yenyewe siibishii. Tumo kwenye Ubingwa wa Kaunti tangu 1891 na hatujaubeba hata mara moja. Tumekuwa wa pili 2001, 2010, 2012, 2016, 2018 na 2019. Mwaka 2010 tulilingana pointi na Nottinghamshire, wakatupiku kwa kuwa wao walikuwa wameshinda mechi nyingi zaidi. Mwaka 2016 vijana walikuwa wameshamaliza kazi yao nyumbani Taunton, wakakaa kutazama kwenye televisheni Middlesex na Yorkshire wakichuana uwanja wa Lord's. Sare tu, sare ya aina yoyote, na kombe lingekuwa letu. Toby Roland-Jones wa Middlesex akaona hapana, akaifunga siku kwa hat-trick, wapigaji watatu kwa mipira mitatu mfululizo, na kombe likaenda kwao. Mwaka wa korona tukafika fainali ya Bob Willis Trophy, kombe lililoshika nafasi ya Ubingwa mwaka huo, mechi ikaisha sare, Essex wakapewa kombe kwa kuongoza zamu ya kwanza ya kupiga. Nikiyapanga yote hivi hata mimi natamani kuuliza mganga ni nani na anatoza ngapi.

Lakini uchawi hauna kalenda. Chama cha kriketi cha Uingereza kinayo.

Itazameni basi. Mechi 14, na karibu nusu yake zinachezwa kabla Juni haijaingia. Halafu Ubingwa, ambao ni kriketi ya siku nne, unasukumwa pembeni ili T20 ipite, ile kriketi fupi ya ova 20, kila ova mipira sita. Agosti, mwezi ambao pichi (ule ukanda wa ardhi mpira unapodunda) zimekauka na mpira unageuka wenyewe, ni ya The Hundred, ligi ya mipira mia, na lile kombe la ova 50. Septemba ndipo tunaitwa tena, jua likizama mapema, tumalizie haraka haraka kilichobaki. Sasa timu yetu inashinda vipi? Inashinda kwa spina, warushaji wa taratibu wanaouzungusha mpira. Inashinda Taunton, pichi ikiwa kavu, Jack Leach akiwa upande mmoja na mwenzake upande wa pili. Kumtegemea Leach mwezi wa Aprili ni kupanda mahindi Januari ukitegemea umande.

Nani amesahau Septemba 2024, Taunton? Surrey wale wale, mabingwa watetezi, wanahitaji mikimbio 221, yaani alama za wapigaji, siku ya mwisho. Archie Vaughan, spina wetu kijana wa miaka 18, kachukua wiketi 11, yaani kawatoa wapigaji 11, kwenye mechi nzima. Leach kachukua 5 zamu ya pili. Dakika za mwisho kabisa wachezaji wetu wote wamemzunguka mpigaji kana kwamba anagawa pesa, na Surrey wakaanguka wote kwa 109. Niliitazama Nairobi kwenye matangazo ya bure ya klabu, simu ikiwa na chaji asilimia chache, na nilipiga kelele hadi jirani akaja kuuliza kama ni mwizi.

Sasa chukua Aprili 2025, uwanja ule ule. Tom Banton anapiga 371 dhidi ya Worcestershire, mikimbio mingi katika zamu moja kuliko mchezaji yeyote wa Somerset katika historia, akiipita 342 ya Justin Langer ya 2006. Wageni walikuwa wameshaanguka kwa 154. Na matokeo? Sare! Mtu kapiga mia tatu sabini na moja peke yake, na siku nne zikaisha hatujaweza kuwatoa wapinzani wote mara ya pili, na bila hilo hakuna ushindi. Kwenye pichi ya Septemba mechi ile ingekwisha na watu wangekuwa nyumbani wanakunywa chai. Badala ya pointi 16 za ushindi tukachukua 8 za sare, na Oktoba tukaambiwa tulilogwa.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba tukiandaa pichi inayowasaidia spina tunaadhibiwa. Kwa ile ya 2019 dhidi ya Essex tulikatwa pointi. Lakini pichi ya Aprili yenye majani kama malisho ya ng'ombe, ambapo mrushaji wa kasi ya wastani anachukua wiketi tano kabla ya chakula cha mchana, hiyo eti ni "changamoto ya kuvutia kwa wapigaji." Sawa. Tumeelewa.

Na msidhani hili ni letu peke yetu. Sisi Wakenya tunaijua hadithi hii kwa jina. Collins Obuya, spina wetu, Februari 2003, Nairobi Gymkhana, wiketi 5 kwa mikimbio 24, Sri Lanka nzima haijui mpira unaelekea wapi. Warwickshire, kaunti nyingine ya Uingereza, wakamsajili. Alipokuja kutulia tena kwenye timu ya taifa baada ya miaka kadhaa, alikuwa mpigaji. Majeraha yalichangia, sikatai, lakini mimi sijawahi kuamini kwamba baridi ya kule na ova chache za kurusha havikuwa na mkono. Spina hujengwa kwa kurusha, na kule hawarushi.

Shoaib Bashir naye, spina aliyekuwa wetu Somerset hadi karibuni. England walimwona ni spina wao nambari moja huku Taunton akiwa wa pili nyuma ya Leach. Ikabidi akakopeshwe Worcestershire mwaka 2024 apate tu mpira mkononi. Sasa ameenda zake Derbyshire. Simlaumu hata kidogo. Kwenye kalenda hii nani atawachezesha spina wawili kabla ya Juni? Ila mtu akumbuke pia kwamba Mushtaq Ahmed, spina wa Pakistan, alikuwa wetu miaka ya tisini. Akaja kuibukia Sussex, mwaka 2003 akachukua wiketi 103, na Sussex, waliosubiri ubingwa wao wa kwanza muda wote huo, wakaupata.

Haya, najua hoja inayokuja. Nottinghamshire walibeba ubingwa 2025 kwa kalenda hii hii, na sisi tukawa wa tatu. Ndiyo. Walikuwa na Mohammad Abbas, mrushaji asiye spina, mtu ambaye ukimpa Aprili yenye mawingu anatabasamu. Kama hoja yenu ni kwamba Somerset wangeunda kikosi kinacholingana na kalenda badala ya kulalamika, basi, kwa shingo upande, kuna ukweli hapo. Craig Overton hawezi kubeba mzigo wa Aprili na Mei peke yake, na sijaona mrushaji wa kasi wa kunipa usingizi.

Wapigaji hawanitii wasiwasi. Akina Tom wako wa kutosha kuunda timu yao wenyewe, na James Rew, mwenye miaka 22, atachukuliwa na England muda wowote, jambo ambalo litanifurahisha na kuniudhi kwa pamoja. T20 tuna kombe la 2025 mkononi, la 2023 kabla yake, na Lewis Gregory anajua kuongoza mechi za haraka. Tukilitetea vizuri, tusipolitetea silali njaa.

Utabiri wangu: wa pili Mei ikiwa kavu, wa nne ikinyesha. Ubingwa? Sitaandika. Lakini yule jamaa wa Surrey asiponiona kundini wiki ya kwanza ya Aprili ajue natazama kitu kimoja tu, ni ova ya ngapi Leach anapewa mpira kwa mara ya kwanza. Ikifika ya 60 ndio kwanza anavua sweta, nitazima simu nifue nguo.