Niliezua Paa kwa Utabiri wa Jumapili

Jumapili ile ya Novemba simu yangu ilionyesha vijua saba, vimejipanga kama sahani za pilau. Nikaamua hapo hapo: Jumamosi tunaezua mabati yaliyooza, usiku tunalala chini ya mapya. Nikapiga picha ya skrini, nikamtumia fundi.

"Mwalimu, huu msimu wa vuli," akasema.

"Soma, fundi. Uwezekano wa mvua asilimia 10."

"Hiyo asilimia 10 ikiamua kunyesha, mwalimu, inanyesha yote."

Nikacheka. Mimi ndiye ninayefundisha hesabu, si yeye.

Alhamisi binti yangu Zuhura akachungulia simu yake: kijua cha Jumamosi kimepata kiwingu. Ijumaa kiwingu kimeota matone. "Baba, utabiri umebadilika." Nikamwonyesha picha yangu. Yangu haijabadilika! Najua utabiri wa kesho ni wa kuaminika kuliko wa siku sita mbele, lakini huu wa Jumapili nilikuwa nimeshaulipia mabati na kirikuu. Bibi jirani naye alinionya. Ila yeye huonya mvua kila siku tangu Mfungo Mosi, sikumhesabu.

Saa nne Jumamosi kenchi zilikuwa uchi. Mama mkwe, aliyefika jana yake kutoka Pangani, kaketi sebuleni anatazama mbingu kama yuko jukwaani uwanja wa mpira wa Mkwakwani. Saa sita upepo ukageuka, wingu likaja jeusi kama sufuria ya shughuli. Fundi akashuka wa mwisho.

"Ile kumi hiyo, mwalimu."

Godoro likanywa hadi likashiba. Turubai lilikuwa moja, nikalifunika televisheni. Mke wangu akaniuliza kwa ile sauti yake ya upole, ambayo ndiyo mbaya: "Baba Zuhura, na mama je?"

Nikakimbilia mwavuli. Mama mkwe akaupokea, akakaa nao kwenye kochi, maji yamefika kifundoni, hasemi neno. Rafiki yangu akapiga simu kutoka Raskazone, hapa hapa Tanga: kwake jua linawaka. Kumbe kijua changu kilikuja kweli, kimekosea mtaa tu.

Zuhura, huku anakamua pazia, akaona ndio wakati wa kunisomesha. Eti mwaka 1961 huko Marekani, mtaalamu wa hali ya hewa Edward Lorenz alirudia hesabu yake ya hali ya hewa kwenye kompyuta, akaingiza 0.506 badala ya 0.506127. Mwanzoni majibu yakafanana na ya awali. Kadiri siku za kwenye hesabu zilivyosonga yakaachana kabisa. Kosa dogo huzaa, baba, ndiyo maana utabiri wa siku nyingi mbele haushikiki.

"Yeye kapunguza tarakimu 3," nikamwambia. "Mimi nimepunguza mabati 42."

Hapo mama mkwe akafungua kinywa kwa mara ya kwanza.

"Mwanangu, naona chini ya mwembe kuna nafuu."

Tukabeba viti, tukatoka nje kujikinga mvua.