Kimya cha Marafiki, Huku na Nyumbani

Jumatano iliyopita, katika shule ya Waquaker anakosoma binti yangu hapa Philadelphia, mzazi mmoja aliniuliza kwa upole ni nani aliyenijulisha habari za Marafiki, jina ambalo Waquaker, Wakristo wa dhehebu hilo, hujiita. Nilimjibu kwamba nilizaliwa miongoni mwao, na kwamba Kenya ina Waquaker wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Alistaajabu, nami nikaudhika. Lakini kabla hasira haijanitulia watoto waliingia kwa ibada yao ya kila wiki, na yaliyofuata ndiyo yaliyonifanya niandike.

Waliketi kwenye mabenchi ya mbao yanayotazamana, katika chumba kisicho na mimbari wala kinanda. Hakuna aliyewaamrisha kunyamaza, ila walinyamaza. Baada ya muda mrefu mvulana wa miaka minane hivi alisimama, akasema kwamba sungura wa darasa lao amekufa na kwamba kila asubuhi yeye husahau na kumletea majani ya karoti, kisha akaketi. Hakuna aliyecheka wala aliyemjibu. Kimya kiliendelea, na nilimwona msichana aliyekuwa kando yake akisogea kidogo, mabega yao yakagusana. Mwishowe mwalimu alimpa jirani yake mkono, watoto wote wakapeana mikono, na ibada ikawa imekwisha.

Nilitoka nikikumbuka kimya cha shule yetu kule Kenya, ambayo nayo ni ya Marafiki na ina jina hilo langoni. Mnakijua, nyinyi wa nyumbani. Kiranja husimama mbele na karatasi ya majina ya wapiga kelele, na anayerudia huongezewa alama kando ya jina lake, mpaka mwalimu arudi. Mimi nilikuwa kiranja katika darasa la tano, na niliwahi kuandika jina la rafiki yangu kwa sababu aliniuliza kama nimekula. Alichapwa viboko vinne. Adhabu hiyo ilipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 2001, na hali ilivyo hadi leo mnaifahamu kuliko mimi.

Najua nitaambiwa kwamba nimevuka bahari na sasa nawadharau walionilea. Siwadharau. Walimu wangu walifundisha watoto zaidi ya 60 katika chumba kimoja, ilhali darasa la binti yangu halifikishi watoto 20, na bila msaada wa karo nisingeweza kumpeleka hapo. Nakubali yote hayo. Hata hivyo, dakika kumi za kuketi pamoja pasipo hofu hazihitaji maabara, wala kompyuta, wala mfadhili.

Mwingine atasema huo ni utamaduni wa wazungu. Ndugu yangu, na hizo tenzi tunazoimba zilitoka wapi? Wamisionari Chilson, Hole na Hotchkiss walipofika Kaimosi, magharibi mwa Kenya, mwaka 1902, walitoka katika tawi la Marafiki wa Marekani lililokuwa limekwisha kuzoea wachungaji, mahubiri na nyimbo, ndiyo maana ibada ya kimya haikushika mizizi kwetu. Tulirithi nusu ya nyumba, na hiyo nusu tumeitunza vizuri: tumejenga shule kama Kamusinga na Lugulu, na kwa kuimba hakuna mtoto wa huku anayetukaribia. Binti yangu hajawahi kusikia watoto mia tatu wakigawana sauti nne bila kinanda, na hilo linaniuma kama vile viboko vinavyoniuma.

Kwa hiyo sisemi huku ni bora kwa kila jambo. Ninachosema ni kwamba sisi tunaojiita Marafiki, tunaofundisha kwamba ndani ya kila mtu mna nuru ya Mungu, hatuwezi kuendelea kumfundisha mtoto kwamba kunyamaza ni adhabu na kusema ni kosa. Mtoto aliyezoea hivyo, akifiwa na sungura au na mama, atasimama wapi aseme?

Muhula ujao nitakuwa nyumbani. Nimekwisha kumwandikia mwalimu mkuu kumwomba dakika kumi za Jumatano pamoja na darasa la tano, mabenchi yakiwa yametazamana na ile karatasi ya majina ikiwa imewekwa kando. Ameniuliza watoto watafanya nini katika dakika hizo. Nimemjibu kwamba wataketi, na mimi nitaketi nao.